Maneno Tuliyapata

Jumatatu, 4 Machi

Habari ya mwaka! Rais Mstaafu anakuja mtaani kwetu Jumamosi ya wiki ijayo kufungua ukumbi mpya. Yeye mwenyewe, mzima mzima! Na mtu mmoja tu wa mtaa atasimama kumkaribisha kwa hotuba. Bibi Mkunga, mwenyekiti wa baraza letu la mdahalo, amesema huyo mtu atakuwa mshindi wa mdahalo wa Jumamosi hii. Hakuna aliyepinga. Nusu ya mtaa amewazalisha yeye, na ni vigumu kumpandishia sauti mtu aliyekuona ukiwa huna hata nepi.

Basi ni mimi. Nani mwingine? Kazi yangu ni kutengeneza makochi, na hakuna kochi lililotoka kwenye karakana yangu bila kusikia hotuba ya Mstaafu kutoka kinywani mwangu, hata kikiwa kimejaa misumari. Hotuba zake nazijua. Zaidi ya hotuba, naujua ule ukimya wake. Anasema neno, anavua miwani, anaifuta taratibu, anautazama umati. Kimya! Watu wazima wanatokwa na machozi. Mwingine akinyamaza tunasema ameishiwa. Mstaafu akinyamaza, nchi nzima ilikuwa inafikiri.

Mpinzani wangu ni yule yule, Fundi Saa. Kibanda chake kinatazamana na karakana yangu, kwa hiyo tunabishana kuvuka barabara tangu tunafungua mpaka tunafunga. Yeye anasema Mstaafu alikuwa domo tupu. Leo kasema lile daraja lilizinduliwa mara mbili na bado halijafika ng'ambo. Nikamjibu kwamba daraja ni daraja. Akakosa la kusema. Au lilipita lori, sikusikia.

Nyumbani nilitangaza kuwa nitazungumza mbele ya Mstaafu. Mama mkwe, anayekaa kwetu mpaka goti lake lipone, akasema mkwe wake hawezi hata kuomba chumvi mezani bila kubabaika. Nilimtazama tu, kwa mtindo wa Mstaafu. Akamuuliza mke wangu kama nimemeza msumari.

Tutaona!

Jumanne, 5 Machi

Leo tumepiga kura ya pande. Kwenye baraza letu huchagui upande. Bibi Mkunga anatia vibiringo viwili vya uzi kwenye mfuko wa kitambaa. Cheupe unatetea, cheusi unapinga. Hoja yenyewe: Rais Mstaafu ametuachia kazi kuliko maneno.

Uzi unatoka kwangu. Kwa hiyo nilichagua cheupe kinene, kipya, na cheusi kilichobaki mifupa. Kukipapasa tu, nakijua. Akili hiyo!

Bibi Mkunga akasema aanze mgeni wa uzi, yaani Fundi Saa. Mtu anayeokota skrubu ndogo kuliko chawa kwa ncha za vidole. Akatia mkono, akatabasamu, akatoka na kile kinene.

Cheupe. Yeye atamtetea Mstaafu. Mimi nitampinga. Mimi!

Alipoelewa alichoshika, sura yake nayo ikamshuka. Hilo lilinipoza kidogo. Nikaomba tubadilishane, Fundi Saa akakubali mbio mbio, tukashikana mikono kwa mara ya kwanza tangu aniuzie saa inayorudi nyuma. Bibi Mkunga akatutazama akasema yeye hajawahi kumrudisha mtoto alikotoka. Baraza likafungwa.

Jumatano, 6 Machi

Sikukata tamaa. Mstaafu hakuwahi. Nimeamua kufanya mazoezi ya ukimya, maana ukimya hauna upande.

Nimeanza asubuhi kwa mke wangu. Aliniuliza kama nataka chai. Nikavua miwani (ya mama mkwe, nimeazima bila kumwambia), nikaifuta, nikamtazama. Akauliza tena. Nikaendelea. Kufika mchana mama watoto alikuwa ananizunguka na kikombe, na jioni akakaa chini akaungama kwamba koti langu la sherehe alimpa kaka yake, na kwamba alikuwa anasubiri siku nzuri ya kuniambia.

Sikuwa hata najua kuwa koti halipo! Neno moja sijasema, na ukweli wote umemwagika. Hii si sanaa, hii ni silaha.

Koti litarudi Ijumaa. Shemeji amelalamika kwamba ameshalizoea.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango umekamilika. Niuandike kabla haujanitoroka.

Nitasimama kama mpinzani. Nitasema: Ndugu zangu, maneno tuliyapata. Hapo nanyamaza. Watu wataona ninamponda. Halafu ghafla: na barabara tukaipata! Na zahanati tukaipata! Na daraja, mpaka pale lilipofika, tukalipata! Nitampinga kwa kumsifu. Nitashinda bila kumsaliti, na nikisimama mbele yake macho hayatanishuka.

Tatizo ni muda. Kwetu hatupimi muda kwa saa. Tunapima kwa birika la Mama Chai. Analitia maji ya baridi, analiweka jikoni, msemaji anaanza. Kifuniko kikianza kucheza, Mama Chai anainua mwiko, umekwisha. Fundi Saa kila mwezi analalamika kwamba hiki si kipimo. Anaumia kikazi.

Ukimya wangu unakula birika. Nahitaji birika refu. Jumamosi nitawahi, nilijaze mpaka shingoni, na mkaa niunyunyizie maji kidogo. Msemaji wa kwanza atapata muda wa kuoa na kuolewa. Anayepinga si ndiye anayeanza? Ndiye. Nina hakika kabisa.

Jumamosi, 9 Machi

Anayetetea ndiye anayeanza.

Bibi Mkunga akamwita Fundi Saa. Birika limejaa pomoni, mkaa unatoa moshi tu, na muda wote ule mtamu niliojiandalia mwenyewe anaukalia yeye!

Akaanza vizuri, sikatai. Akazitaja shule. Akaitaja barabara ya sokoni, akasema yeye mwenyewe hupita pale kila siku na bado ana meno yote. Watu wakacheka. Akalitaja hata lile daraja, akalisifia kwa ujasiri wake. Maneno yangu mwenyewe ya miaka yote, anayarusha kama aliyazaa!

Akamaliza. Akamtazama Mama Chai. Mama Chai akalitazama birika. Birika likamtazama kila mtu. Kimya kimya, hata mvuke hakuna.

Na sheria yetu ni kwamba hukai mpaka birika lichemke. Ikabidi aongeze. Akarudia shule. Akazitaja taa za barabarani, akakumbuka haziwaki, akaziacha. Akasema Mstaafu alikuwa anatembea vizuri. Akasema ana kimo cha kiongozi. Akahamia kwenye mguu wa mama yake mzazi uliotibiwa zahanati, akaueleza mguu wote, kuanzia kidole. Watu wa nyuma wakaanza kupiga miayo. Mmoja akauliza kwa sauti kama mguu ulipona, Fundi Saa akasema hapana. Mstaafu wangu akawa anafukiwa mbele ya macho yangu na mtu anayemtetea.

Kifuniko kilipocheza hatimaye, watu walishangilia birika.

Wakaomba chai, wote, kwa kiu ya kuchoka. Mama Chai akawamiminia. Kwenye birika yakabaki maji ya kulowesha kijiko, tena ya moto, na mkaa sasa umekauka na kuwa mwekundu. Bibi Mkunga akasema muda wa baraza unakwenda, lirudishwe hivyo hivyo. Nikasimama.

Nikavaa miwani ya mama mkwe. Baraza lote likawa ukungu. Nikasema: Ndugu zangu. Nikavua miwani. Nikaifuta. Nikautazama umati. Nikaifuta tena. Kulikuwa kimya mpaka nikasikia mkaa ukipasuka.

Nikasema: Maneno tuliyapata.

Nikavuta pumzi ili niingie kwenye barabara.

Mwiko ukainuka.

Kwa nukta moja nilitaka kulia. Halafu baraza likalipuka! Watu walisimama juu ya mabenchi. Mwenye bucha, mtu asiyecheka hata akilipwa, alikuwa anajipiga mapaja na kurudia: maneno tuliyapata, maneno tuliyapata! Bibi Mkunga akatoa uamuzi papo hapo. Akasema amesikia midahalo mingi, lakini hajaona mtu akimzika kiongozi kwa maneno mawili, tena kwa kumwigiza mpaka unamwona. Akasema nimeonyesha kwamba Mstaafu alijua kuzungumza, na nimeonyesha kwamba alijua hilo tu.

Mimi! Ambaye nilitaka kuitaja zahanati!

Nilifikiria kueleza. Nilifikiria kidogo sana. Walikuwa wameshaninyanyua juu.

Jumapili, 10 Machi

Mtaa mzima unanisalimia kwa heshima. Mama mkwe amenisogezea chumvi kabla sijaomba. Ameuliza tu miwani yake ilifikaje kwenye mdahalo. Nilimpa ukimya. Alinipa wa kwake, mrefu zaidi, nikamrudishia miwani na kuomba radhi. Huyu mama angeweza kuwa rais.

Jumatano, 13 Machi

Hila za adui! Jana Fundi Saa alivuka barabara, jambo ambalo hafanyi, akakaa kwenye kochi la mteja bila kukaribishwa. Akasema ameombwa kuwa mmoja wa wapokezi, na kiti chake kitakuwa kando ya Mstaafu. Akasema atamwambia sikioni, taratibu, neno kwa neno: yule anayekukaribisha ndiye aliyekuita domo tupu mbele ya watu.

Nikamwambia domo tupu ni maneno yake yeye, ya miaka. Akasema maneno ni yake, ila ushindi ni wangu.

Niliogopa, naandika wazi. Usiku kucha nilijigeuza. Mtu niliyemtetea maisha yangu yote atanitazama kama jiwe kwenye kiatu, na mama mkwe yuko safu ya mbele. Asubuhi nikapata jibu: hotuba yangu itakuwa nzuri mno kiasi kwamba hatakumbuka alichoambiwa. Nimeandika yote, nimekariri yote, nimeongeza ukimya sehemu saba.

Jumamosi, 16 Machi

USHINDI! Niandike kwa mpangilio.

Mstaafu ni mfupi kuliko nilivyodhani, na mzee zaidi. Alipoketi, Fundi Saa akamwinamia sikioni akaanza. Akaeleza, akaeleza, mkono wake ukinionyesha mimi. Mimi pale jukwaani roho mkononi. Mstaafu aliitikia kwa kichwa kwa makini, kisha akampigapiga begani na kumwambia asante, lakini chai atakunywa baadaye. Lile sikio halisikii! Fundi Saa akaja kuzunguka upande wa pili, walinzi wakamrudisha kitini. Nilitaka kuimba.

Nikaitwa. Koti limenikaa vizuri, isipokuwa mabega ambayo shemeji ameyapanua. Nikashika kipaza sauti. Nikasema: Mheshimiwa Rais Mstaafu.

Nikavua miwani. (Mama mkwe amenipa mwenyewe leo!) Nikaifuta. Nikautazama umati.

Halafu nikalitafuta neno la pili.

Halikuwepo. Nikaifuta miwani. Nikatafuta la tatu, labda lingenipeleka kwa la pili. Nikaifuta upande wa nyuma. Kule mbele nikamwona mke wangu amejiziba macho. Sikusahau, hilo lieleweke. Ulikuwa ni ukimya tu uliokuwa unajiendesha wenyewe.

Na hapo, mbele ya watu wote, Mstaafu akasimama! Akanijia jukwaani kwa fimbo yake, akanikumbatia, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. Akaninong'oneza. Naandika alivyosema, neno kwa neno:

"Umesahau, mwanangu, eh? Usijali. Hata mimi nilikuwa nasahau. Nafuta miwani, natafuta maneno, watu wananiita mwenye busara. Ila siku hizi najua dawa. Ukisahau, kohoa. Watakuletea maji, na ukinywa polepole yanarudi."

Kisha akachukua kipaza sauti akahutubia yeye. Mimi sikuambiwa nikae, kwa hiyo nilibaki kando yake mpaka mwisho. Nipo kwenye kila picha! Katikati ya hotuba akakohoa, akaletewa maji, akanikonyeza. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe alikuwa anawaambia majirani kwamba yule aliyekumbatiwa ni mwanawe. Hakusema mkwe. Alisema mwanangu. Nikageuka pembeni nikajifuta macho, na safari hii sikuwa naigiza mtu.

Jumatatu, 18 Machi

Fundi Saa amepiga kelele kuvuka barabara kwamba ule ukimya wote tulioulilia ulikuwa usahaulifu, na kwamba Mstaafu kaniambia mwenyewe. Namhurumia. Kosa langu ni kumsimulia. Hajui kwamba mtu mkubwa hakabidhi siri yake hadharani, anaifunika kwa mzaha ili wivu usiione. Mimi nimepokea. Kati ya watu wote waliokuwa ukumbini, mimi ndiye nimeachiwa kikohozi.

Mdahalo wa mwezi ujao ni wangu. Hoja yoyote, uzi wowote. Nimeanza mazoezi tangu alfajiri: kikohozi kifupi cha kuuliza, kirefu cha huzuni, na kile kizito cha kufunga mjadala. Mke wangu ameleta dawa ya kifua na kunichemshia maji ya tangawizi. Mama mkwe amehamisha godoro lake chumba cha watoto, bila shaka ili nipate nafasi.

Mchana huu nikajaribu kile kizito hapa karakanani. Athari yake sikuitegemea! Mteja aliyekuja kuchukua kochi lake alinyamaza papo hapo, akajiziba mdomo na pua kwa mkono, akatoka mbio na kochi akaliacha. Ameenda kuwaita wenzake waje wasikilize.