Pikipiki Mbili na Ng'ombe Sita Wekundu

Fanuel Odeny alipomwona Mzee Ryoba amesimama mbele ya gereji ya Maurice pale Homa Bay, amevaa koti refu la jeshi katika jua la saa sita mchana na macho yake yamegandia pikipiki mbili, alijua Mungu amelikumbuka jina lake. Aliweka kikombe cha chai chini kabla hajakimaliza. Wanaomfahamu watakwambia hilo lilikuwa jambo kubwa, maana chai yenyewe ilikuwa ya Maurice.

Fanuel hakuwa fundi. Maurice alikuwa amekwenda Kisumu kwa wiki mbili kutafuta vipuri, akamwachia ufunguo kwa sababu mlinzi alikuwa mgonjwa na Fanuel alikuwa karibu. Fanuel siku zote alikuwa karibu. Kazi yake hasa ilikuwa mdomo, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani toka Kendu Bay alikozaliwa hadi mpakani. Hata mimi ninayewasimulia aliwahi kuniuzia redio, sanduku zuri la mbao lenye vitufe vinne. Nilipoifungua nyumbani sikukuta kitu ndani. Mpaka leo naitumia kuwekea vitunguu, na wageni wakiuliza nawaambia ndivyo nilivyoinunua.

Sasa, mwaka huo wa sitini na tano Fanuel alikuwa na shida ya kweli, na shida hiyo iliitwa Phelesia. Phelesia alishona nguo kwenye baraza ya duka karibu na soko, na Fanuel alimpenda hadi akapunguza uongo, angalau mbele yake. Baba yake, Mzee Walter, alikuwa ametoa neno moja tu: ng'ombe sita, Jumamosi, wenye miguu. Sharti la miguu lilitokana na mara ya kwanza, Fanuel alipompelekea mzee ng'ombe wa maneno matupu. Jumamosi ikipita, mwalimu Elijah wa Kendu Bay angekuja Jumapili na ng'ombe wake, naye alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, tabia ambayo Fanuel aliichukia sana. Leo ilikuwa Jumanne, na mali yote ya Fanuel ilikuwa viatu vyeupe na kofia.

"Karibu, jaduong', mzee wangu," alisema, akajipangusa mikono kwa kitambaa chenye grisi ili aonekane ametoka chini ya gari. "Naona zimekuita."

"Natazama tu. Mbona hazina nguo?"

Kweli hazikuwa na nguo. Zilikuwa zile pikipiki za mbio zisizofunikwa: injini nje, mabomba nje, kila nati inaonekana. Moja ilikuwa nyeusi, ya Kiingereza, mali ya kasisi mmoja aliyeileta kubadilisha tairi na ambaye angeifuata jioni hiyo. Nyingine ilikuwa nyekundu, ya Kijapani, mali ya Bwana Bichage, mkaguzi wa chanjo ya ng'ombe, aliyekuwa likizoni kwao Kisii kwa wiki tatu.

"Ndiyo mtindo, mzee. Pikipiki iliyovaa mabati ina kitu inaficha. Hizi ziko wazi kama mimi ulivyoniona."

Ryoba alimwangalia, akaziangalia tena pikipiki.

Hapa lazima nieleze elimu ya Fanuel, kwa heshima inayostahili elimu yoyote. Aligundua mapema kwamba ukimwonyesha mtu kitu kimoja, atauliza ni cha nani. Ukimwonyesha viwili, atauliza kipi ni kizuri zaidi, na atatoka jasho kuchagua mpaka asahau lile swali la kwanza. Hata mimi ile redio alinionyesha mbili. Tena nilijisifu njia nzima kwamba nimechagua vizuri.

"Kwa umri wako, mzee wangu, mimi ningekushauri nyeusi," alisema Fanuel, ambaye nyeusi hakuweza kuiuza hata kidogo. "Ni nzito, ina heshima, hata kanisani unaingia nayo. Hii nyekundu ina fujo. Ukiivuta kidogo tu inaruka. Hii ni ya vijana."

"Umri wangu umefanya nini?"

"Hapana, nasema tu."

"Nina wake watatu, wewe kijana. Nenda kawaulize." Ryoba aliipita nyeusi kana kwamba haipo, akaipanda nyekundu. Alishika usukani, akaongea nayo polepole kwa Kikuria, akapitisha kiganja juu ya tangi la mafuta. Upande wa kulia kulikuwa na mahali palipobonyea. Kidole chake kikakaa hapo. "Hapa imepigwa."

"Haijapigwa! Ndivyo inavyotoka kiwandani. Ni mahali pa goti."

Ryoba aliweka goti. Likaenea. "Ai," alisema, "Wajapani wana akili."

Kisha akauliza, "Ng'ombe wangapi?"

Fanuel alikuwa amejitayarisha kuzungumza shilingi, abishane nusu siku halafu akatafute ng'ombe wa bei ya chini. Aliposikia neno ng'ombe limetoka lenyewe, alisahau shilingi papo hapo. "Sita," alisema, na sauti yake ilitoka kama ya mtoto wa kwaya.

"Wako kwangu Migori. Kesho twende na hii hii, unifundishe njiani, uchague mwenyewe. Lakini wewe ng'ombe utawapeleka wapi?"

"Hapa hapa Homa Bay, kwa Mzee Walter, yule mwenye boma karibu na ziwa. Namwoa binti yake."

Ryoba akashikwa na kikohozi. Alikohoa, akainama, akakohoa tena, mpaka Fanuel akamletea maji.

"Vumbi," alisema Ryoba akipangusa machozi. "Nasikia huku mbung'o walikuwa wanamaliza mifugo. Wameisha?"

"Serikali imepiga dawa bonde zima. Ng'ombe sasa wananenepa ovyo."

"Vizuri. Nilitaka kujua hilo tu."

Mpango wa Fanuel ulikuwa safi. Angesema kitabu cha umiliki wa pikipiki kiko Kisumu, kikiandikishwa jina jipya. Baada ya wiki angerudi Migori na uso wa huzuni, aseme afisa wa Kisumu anataka kuiona pikipiki kwa macho yake, aichukue na kuirudisha gerejini kabla Bichage hajamaliza likizo. Ryoba angebaki akisubiri. Na ng'ombe wa mahari wakishaingia bomani kwa watu, nani atawatoa? Fanuel alilala usingizi mzito akijihurumia kwamba hana mtu wa kumsimulia.

Jumatano waliondoka. Kufika Rongo, Ryoba alikuwa amechukua usukani, na kufika Awendo alikuwa ameshajua gia zote na kuua kuku mmoja. Fanuel alikaa nyuma ameshika lile koti la jeshi kwa mikono miwili, akiomba kwa dhati kuliko alivyowahi kuomba kanisani. Mchana walifika nyumbani kwa Ryoba, nje kidogo ya Migori. Yawa! Zizi lilikuwa limejaa. Ng'ombe wa kila rangi walikuwa wakitafuna taratibu, mafuta yanawacheza mgongoni.

Ryoba alikuwa ameshawatenga makundi mawili. "Chagua," alisema. "Kuna hawa sita wa madoadoa, na hawa sita wekundu. Mimi ningekushauri madoadoa. Wana maziwa, wapole, hata mtoto anawakamua. Wekundu ni wakorofi, watakusumbua njiani."

Fanuel akatabasamu moyoni. Huyu mzee anamfundisha nani? Muuzaji husifu kile anachotaka kukiondoa nyumbani; hilo lilikuwa somo la kwanza la shule aliyoifungua Fanuel mwenyewe. Alizunguka makundi yale saa nzima. Alitazama meno, alibonyeza nundu, aliinua mikia kwa uso wa mtu anayejua anachotafuta chini ya mkia. Aliona kwamba wale wekundu wote wamekatwa sikio la kushoto, mapengo mawili madogo, yote sawasawa.

"Masikio yana nini?"

"Urembo," alisema Ryoba.

"Nachukua wekundu."

"Basi umenishinda," alisema Ryoba kwa unyonge, akampa fimbo.

Na hapa ndipo ninapotaka kulia na kucheka kwa pamoja. Kwa sababu marehemu baba yake Fanuel alichunga ng'ombe wa watu maisha yake yote. Fanuel alikuzwa kwa maziwa ya ng'ombe wa watu. Katika nchi yetu, kuanzia ziwani hadi mpakani, hakuna asiyejua kwamba mwenye zizi si lazima awe mwenye ng'ombe: mtu huwaweka ng'ombe wake kwa rafiki wa mbali, awaepushe na ugonjwa, au awafiche macho ya jamaa waombaji. Mtoto wa miaka saba anajua kuuliza, hawa ni wa nani? Fanuel alikuwa na miaka thelathini na moja, na alikuwa anachagua.

Alitembea siku tatu. Njia yote alikuwa mtu mwenye furaha na malengelenge. Mvua ilimpiga, viatu vyeupe vilifia kwenye tope, na ng'ombe mmoja alimkanyaga kidole akabaki amesimama hapo akifikiri mambo yake. Lakini Fanuel aliimba. Katika maisha yake hii ilikuwa mara ya kwanza kupata kitu kwa jasho, na alishangaa kuona kwamba hata wizi una jasho lake. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba baada ya Rongo hakuhitaji kuwaelekeza. Walijua njia wenyewe.

Jumamosi asubuhi wazee walikuwa wameketi kwa Walter, na Phelesia alikuwa amesimama mlangoni na gauni jipya. Ng'ombe walipoliona boma waliinua vichwa wakaanza kukimbia. Waliingia langoni moja kwa moja, wakampita kila mtu, na kila mmoja akaenda kusimama mahali pake kwenye zizi.

"Angalieni adabu yao," Fanuel alisema akihema, kofia mkononi. "Wamekuja kwa mapenzi."

Walter aliinuka na mkongojo wake, akasogea zizini. "Rakwar," aliita kwa upole.

Ng'ombe mkubwa aligeuka, akaja, akamlamba mkono.

Fanuel alijiambia kwamba ng'ombe yeyote mwekundu kwa Wajaluo huitwa Rakwar, hilo si kitu. Walter akashika sikio la kushoto, akagusa yale mapengo mawili. "Kisu kilichokata hapa," alisema, "kiko juu ya dari yangu."

Wakati huohuo ikasikika ngurumo barabarani. Ryoba aliingia na pikipiki nyekundu, koti linapepea, akaizima mbele ya wazee kwa ustadi mkubwa, akashuka na kumpa Walter mkono.

"Nimesikia dawa imepigwa, rafiki yangu, nikaona wakati umefika uwapate ng'ombe wako. Miaka miwili si haba. Nilikuwa nikiwaza nani atawafikisha, mimi na haya magoti. Kumbe una mkwe mwenye miguu mizuri." Akamgeukia Fanuel, akamwekea ufunguo kiganjani. "Hii irudi gerejini. Bichage huchanja mifugo ya zizini kwangu kila mwaka. Pale pa goti ni teke la dume wa humo humo."

Fanuel aliutazama ufunguo. Sauti ilimtoka kidogo tu. "Na wale wa madoadoa?"

"Wa shemeji yangu, Awendo."

"Na wako wewe?"

"Mimi nina mbuzi wawili."

Wazee walicheka mpaka mmoja akaanguka kitini. Fanuel alisimama katikati yao na miguu yake iliyovimba. Phelesia alikuwa ameingia ndani na kufunga mlango. Kisha akajiona alivyo, kofia mkononi na kinyesi cha ng'ombe mpaka magotini, ametembea kutoka Migori kumletea mtu mali yake bure, tena kwa nyimbo, akaanza kucheka yeye pia. Hakuweza kuacha. "Nilichagua saa nzima," alisema. "Saa nzima, jamani! Niliwainua mikia!"

Walter alingoja kicheko kiishe. "Sasa, kijana. Kuna polisi pale chini, tukawaeleze habari ya pikipiki ya mkaguzi. Au kuna hawa ng'ombe, uwachunge mwaka mzima, na mwishoni nikupe ndama mmoja wa kuanzia. Tutaanza kuzungumza hapo. Chagua."

Fanuel alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Akafunga mdomo. Alimtazama Ryoba, akawatazama ng'ombe, akamtazama mzee.

"Jaduong'," alisema taratibu, "kabla sijachagua. Hawa ng'ombe ni wa nani?"

Walter akashikwa na kikohozi. Alikohoa, akainama, akakohoa tena.

"Watatu," alisema mwishowe, "ni wa dada yangu."

Mlango ukafunguka. Phelesia alikuwa ameegemea kizingiti, gauni jipya linatikisika kwa kicheko, na macho yake yalikuwa kwa Fanuel peke yake. "Baba," alisema, "mwalimu akija kesho na ng'ombe wake, naye muulizeni hivyohivyo."

Fanuel alichukua fimbo, akawafungulia ng'ombe, akawapeleka ziwani kunywa maji.