Kahawa ya Mji Ulioshinda

"Mji wetu umekuwa wa kwanza!" Karani alilichapa gazeti kwa mgongo wa kiganja. Amestaafu siku nyingi, lakini kijiweni bado anasoma kwa sauti ya ofisini. "Wa kwanza kwa kutunza mazingira! Tumeiacha miji hamsini nyuma."

"Tumeiacha kwa mbio zipi?" aliuliza Soli, fundi viatu, sindano mdomoni.

"Moshi wa magari, tunao kidogo."

"Kwa mashimo yale, gari lipite wapi litoe moshi?" alidakia Breki, dereva wa pikipiki.

"Umeme, tunatumia kidogo kuliko wote."

"Umekatika tangu Jumatatu, tutautumia kwa ndoto?" alisema Soli. "Jamani, mwenye njaa kaambiwa amefunga!"

Bibi Birika, muuza kahawa, alikuwa akisuuza vikombe kwenye bakuli lenye maji ya vidole viwili. Alicheka nao, mabega yakimtikisika, mpaka Karani alipofika kwenye maji.

"'Bibi mmoja muuza kahawa aliwaeleza watafiti kuwa nyumba yake ya watu saba hutumia ndoo mbili tu kwa siku. Ya kuogea hufulia, ya kufulia hudekia, ya kudekia humwagilia mboga.'"

Macho yote yakamgeukia.

"Bibi! Kumbe wewe ndiye uliyetushindia?"

"Walikuja na makaratasi yao," alisema taratibu. "Wageni, nguo safi, wamekaa kwenye mkeka wangu. Ningeanzaje kuwalilia shida?"

"Hukuwaambia ndoo zenyewe unazifuata bondeni, na kiuno hicho kinachokuuma?" aliuliza Breki.

"Hawakuuliza zinatoka wapi, mjukuu wangu. Waliuliza ngapi."

"Malizia, Karani," alisema Soli.

Karani akakohoa. Sauti ya ofisini ilikuwa imemtoka. "'Kwa kuwa wakazi wamethibitisha kuwa wanaweza, bomba la maji lililokuwa lifike mtaa wa bibi huyo sasa litapelekwa kwenye mji ulioshika mkia.'"

Bomba hilo Bibi alilisubiri miaka minne. Mtaro ulishachimbwa ukapita mbele ya mlango wake. Sasa kuku wake wanataga humo.

"Hongera, Bibi," Breki akasema. "Ukizidi kujibana, mwakani watachukua na ndoo."

"Na mkuu wa mradi wa maji anakuja hapa hapa saa nne," Karani akaongeza, "kupiga picha na wewe."

Bibi akalitazama birika. Lilikuwa limejaa hadi shingoni.

"Leteni vikombe," alisema. "Leo bure. Nyweni, rudieni, na asinibakizie mtu hata tone."

Wakanywa mpaka Soli akafungua mkanda.

Saa nne mkuu akafika, shati jipya la kijani, cheti mkononi, mpiga picha nyuma. Bibi akampa kiti kisichoyumba. Akafuta kikombe kwa upindo wa nguo, akakiweka kwenye kisahani, akaliinamisha birika juu yake pole pole, kwa heshima zote.

"Karibu, baba."

"Mheshimiwa, nyanyua!" alisema mpiga picha.

Mheshimiwa akanyanyua, akafumba macho, akameza.

"Tamu sana!"

Soli nusura ameze sindano.

"Nikuongeze?" Bibi akauliza.

Hapo ndipo mkuu alipochungulia. "Mama, mbona kikombe kikavu?"

"Kahawa yenyewe iko kwenye bomba, mwanangu," alisema Bibi, akikipokea kikombe. Hakukisuuza. "Siku likifika, rudi nikupikie."