Ratili Kumi na Tatu za Biskuti

Jamani, leo nimeadhirika. Tena si kichochoroni, ni forodhani, mchana kweupe, watu wamejaa wanangojea mizigo ya meli. Mfaume, nimiminie kahawa kwanza. Na huyo anayeanza kucheka kabla sijasema kitu ahamie baraza la pili.

Biskuti mnamjua. Yule mbwa mdogo wa memsabu, mke wa Bwana Shamba ninayemfanyia kazi za nyumbani. Walipokwenda likizo kwao Ulaya, Biskuti alikuwa na miezi mitatu tu, unaweza kumlaza ndani ya kofia. Nikakabidhiwa mimi.

"Bakari," memsabu akaniambia, "hawa ni mbwa wa jamii ndogo. Uzito wake wa sasa uzidishe mara mbili, utajua atakavyokuwa akikomaa. Leo ni ratili tano, basi mwisho wake ni kumi. Akinenepa, mgongo unaharibika, na moyo pia. Kila mwisho wa mwezi mpime." Kisha akanionyesha namna ya kumpapasa. "Mbavu uzisikie kwa vidole, lakini usizione kwa macho. Hapo ndipo penye afya."

Niseme kweli, lile la mbavu lilinitoka kichwani siku ile ile. Mimi nilishika la mzani. Mzani ni chuma, utadanganya vipi? (Ngojeni.)

Mzani wenyewe ni ule mkubwa wa kupimia mbata, zile nazi kavu, ghalani pale forodhani. Na mpimaji ni Mzee Abdurahmani, babake Somoe. Somoe mnamjua. (Mfaume, tazama kahawa yako.) Nilikuwa nimekwisha mdokezea mzee kwamba nataka kuleta washenga. Akanijibu, "Kijana, binti ni amana. Nasikia mzungu kakuachia amana yake. Irudi kama ilivyotakiwa, ndipo tuzungumze." Kwa hiyo nyie mlioniona nalea mbwa na kunitania, mimi nilikuwa naposa!

Siku ya kwanza nafika na Biskuti, mzee akainua fimbo.

"Huyo hakanyagi mzani wangu! Watu wanapimia mchele hapa!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hakanyagi."

Akafikiri kidogo, akipapasa ndevu. "Mbebe. Nitakupima wewe peke yako, kisha wewe na yeye. Nitatoa."

Basi nikajifunga gunia kifuani nisilambwe, nikapanda. Mimi peke yangu, ratili mia na kumi. Mzee akaiandika kwa chaki kwenye mlango wa ghala. Mimi na Biskuti, mia na kumi na tano. Mbwa ratili tano. Hesabu safi kabisa! Nikaenda zangu nyuma ya ghala kujitwaharisha kwa maji na mchanga, moyo mweupe.

Mwisho wa mwezi nikarudi. Nataka kupanda peke yangu kwanza, mzee akanizuia. "Wewe ulishapimwa. Mtu mzima na ndevu zako utaongezeka nini? Anayekua ni mbwa." Nikasema moyoni, ndiyo maana huyu mzee kaaminiwa mzani. Ikawa hivyo kila mwezi. Napanda na Biskuti, mzee anasoma, anatoa ile mia na kumi ya mlangoni.

Sasa habari ya chakula. Memsabu aliacha maagizo buchani, Biskuti apewe nyama kila siku. Si mifupa wala matumbo. Sarara! Na mbwa mwenyewe tumbo lake ngumi ya mtoto. Nampa vipande vyake, anakula viwili vitatu, anakigeuzia kisogo kisahani, analala. Nyama iliyobaki jikoni niifanye nini? Barafu sina. Ng'ombe kachinjwa na Mwislamu, bismillahi kasomewa, nitupe? Nikawa naiunga nazi. (Msinitazame hivyo. Sahani yake mbali, sahani yangu mbali.)

Mwezi wa pili mzee akasoma, "Tisa." Mwezi wa tatu, "Kumi na mbili."

Nikashtuka! Kumi ndiyo mwisho wake ukubwani, na huyu bado anatafuna viatu! Nikampunguzia nyama. Biskuti hakulalamika, maana nilimpunguzia ile ile aliyokuwa haimalizi. Na iliyopungua kwake ikaenda wapi? Nazi, ndugu zangu, nazi. Mwezi uliofuata mzee akasoma, "Kumi na tano." Nikapunguza tena. Akapanda tena! Kila nikimbania, anapanda. Nikaanza kukosa usingizi. Namwona Somoe anaolewa na karani mmoja wa kule Mtama mwenye baiskeli.

Nikaamua kumkimbiza ufukweni asubuhi na jioni apungue. Yeye anarukaruka kwa raha zake, masikio yanapepea. Mimi narudi nyumbani njaa inaniuma, nakula maradufu.

Dalili zilikuwepo, nisiwafiche. Kanzu ilinibana, nikagombana na dobi kwamba kaifua mpaka imerudi. Sikukuu nikaenda kwetu Mchinga, mama akanipokea kwa vigelegele. "Mwanangu umenawiri!" Nikasema ni mapenzi ya mama tu. Hata Mzee Abdurahmani aliwahi kumkazia macho Biskuti akaniuliza, "Mbona uzito mkubwa na mbwa simwoni?"

"Ni manyoya, mzee," nikamwambia. "Yanaficha."

Haya. Leo meli imeingia. Nimekaa mlangoni pa ghala tangu asubuhi na Biskuti wangu, kanzu nyeupe, gunia juu yake. Mzee yuko kwenye mzani wake kanyooka utasema kadhi. Somoe naye, sijui kaletwa na nini saa ile, yuko pembeni na bakuli la chakula cha babake. Memsabu kashuka, Biskuti kamwona, kaanza kulia kwa furaha. Hata mimi machozi yalinilenga.

"Karibu, memsabu," nikasema. "Amana yako hii hapa."

"Pima," akasema, anacheka.

Nikapanda. Mzee akasogeza kijiwe cha mzani, akatazama mlango, midomo inatoa hesabu. Kisha akatangaza, forodha nzima inasikia, "Mbwa, ratili ishirini na tatu!"

Memsabu akaacha kucheka. "Ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Bakari! Nilikwambia kumi!"

"Memsabu, wallahi nimembania!" Nikapata kiherehere cha kujitetea. "Sarara yake ya buchani hata robo hali! Muulize yeyote!"

(Hapo nilijifunga mwenyewe, ila nilikuwa sijajua.)

Memsabu akanisogelea. Akamchukua Biskuti kifuani pangu, akampapasa mbavu. Akampapasa tena. "Mbavu zipo," akasema. "Hajanenepa wala hajakonda. Huyu yuko sawasawa kabisa." Kisha akanitazama mimi. Alianzia usoni, akashuka polepole, akasimama tumboni. "Mzee, mpime Bakari peke yake."

"Huyu nilishampima, memsabu. Yuko pale mlangoni."

"Mpime."

Jamani! Niligundua yote kwa mpigo, nikiwa juu ya mzani, sina pa kukimbilia. Nikavuta tumbo ndani. (Eti uzito upungue!) Mzee akasogeza kijiwe. Kikafika mia na kumi, mzani haujatulia. Akakisogeza. Akakisogeza tena. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa.

"Mia na ishirini na tatu," akasema, sauti ndogo.

Mara hamali mmoja nyuma akapayuka, "Kumbe mbwa ni kumi! Na hizo kumi na tatu ni za nani?"

"Za sarara!" akajibu mwenzake.

Lo! Forodha ililipuka. Watu walitua magunia ili wacheke vizuri. Biskuti naye akabweka, mnafiki mkubwa yule. Yote hayo ningeyavumilia. Lakini nikamwona Somoe kajifunika uso kwa kanga, na mabega yanamtikisika. Hapo nilihisi joto mpaka kwenye nyayo. Nikajua posa imekwisha, na karani wa Mtama huyo anapanda baiskeli yake.

"Mzee wangu," nikasema, bado niko juu ya mzani, hata kushuka nimesahau, "nisamehe. Amana nimeichezea."

Mzee akachukua chaki. Akaenda mlangoni, akaifuta ile mia na kumi kwa kiganja, akaandika mpya. Aliandika polepole, katupa mgongo, nikaona na mabega yake yanatikisika.

"Amana ilitakiwa irudi kumi," akasema alipogeuka. "Imerudi kumi. Umeitunza. Aliyezidi ni mtunzaji." Akajikohoza. "Na habari ya kuwa mtu mzima haongezeki, hiyo mtu asiirudie mbele yangu. Walete washenga Ijumaa."

Nilitaka kumbusu mkono, akaniepa. "Nenda kaoge kwanza! Na sikiliza, siku ya arusi utapimwa ukiingia kwenye karamu, na utapimwa ukitoka."

Memsabu kacheka mpaka kakaa juu ya gunia la mbata. Kazi yangu ipo. Ila kasema buchani atakwenda mwenyewe, na kila mwisho wa mwezi tutapimwa wote wawili, mimi na Biskuti, kila mtu kivyake.

Basi ndiyo hayo. Nimeumbuka, lakini nina furaha, siwafichi, hata kahawa hii chungu naiona tamu. Chekeni leo mmalize, maana nyie ndio washenga wangu, na Ijumaa sitaki kuona jino la mtu. Na wewe Mfaume, hicho kitumbua cha mwisho kiondoe mbele yangu. Au hapana, kiache. Mzani umeshafungwa.