Hedifoni za Mangi na Pilau la Sahani Mbili

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe, kwa mdomo wangu mwenyewe, na nusu ya Mtaa wa Narung'ombe imesikia.

Nawaandikia ninyi tuliosoma wote shule ya wasioona. Wengine nikiwasimulia watanionea huruma, na huruma leo nimeshiba. Nipo intaneti kafe. Kompyuta inanisomea ninachoandika kwa lafudhi ya Mzungu aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Nikiandika "pilau" inatamka kitu kama jina la ugonjwa. (Tutavumiliana.)

Mnajua kampuni yetu ilibinafsishwa, wakaleta mashine ya kupokea simu, na mimi wa swichibodi nikapunguzwa. Tangu hapo sina pa kwenda. Asubuhi nanyoosha shati, halafu nakumbuka. Siku moja nikapita nje ya banda la gemu la Mangi, nikasikia watu wanapigana ndani ya televisheni. Nikaingia. Sikutoka tena.

Gemu la ngumi, ndugu zangu, kila kitu kina sauti. Hatua za mguu. Pumzi anayovuta mtu kabla ya teke kubwa. Tatizo lilikuwa televisheni ya Mangi ina spika moja, kwa hiyo nasikia ngumi ila sijui inatoka wapi. Nikamwambia Mangi nataka sauti igawanyike. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akanishika mkono tukaenda kwa Bhai Ramesh, fundi redio wa Kisutu. Bhai akaunganisha nyaya, akanivalisha hedifoni. Adui akiwa kushoto, namsikia sikio la kushoto. Akiruka kwenda kulia, nami nageuka naye. Menyu ya gemu haisemi, nimeikariri kama nilivyokariri namba za wateja enzi zile. Siku hiyo nilirudi nyumbani natembea kama nimepandishwa cheo.

Sasa, wa kucheza naye? Vijana wote pale walinikwepa. Ukimfunga kipofu, dhambi. Ukifungwa na kipofu, aibu. Wachache waliokaa na mimi waliniachia nishinde. (Wanadhani hatujui. Mtu akiacha kupiga, si unasikia kimya?)

Mpaka akaja Zuhura. Ana cherehani yake kibaraza cha jirani, anashona madera. Alikaa kulia kwangu, akachukua pedi ya kuchezea, akasema, "We Shomari, nasikia unajiona bingwa. Nitakupiga mpaka uombe maji." Akanipiga kweli. Akarudi siku ya pili, akanipiga tena. Nilifurahi jamani, sijui niseme nini.

Na yeye ndiye aliyetatua lile lililomshinda Bhai. Nguvu za mpiganaji zinaonyeshwa kwa mstari kwenye kioo, mstari hausemi chochote. Zuhura akasema, "Zikikaribia kuisha nitakugonga goti." Ndio ikawa sheria ya banda. Goti likigongwa, Shomari jilinde. Hata Mangi anaijua.

Basi leo asubuhi nikapika pilau. Nilishaamua. Nikaenda bandani, nikavaa hedifoni, Zuhura akakaa kulia. Raundi ya kwanza kanipiga vibaya. Nikajiambia raundi hii ya pili, potelea mbali, nasema.

Ambacho sikukijua ni kwamba mteja alimwita Zuhura katikati ya raundi. Pale kwa Mangi mtu akiinuka haagi, anampa pedi aliye karibu, mchezo unaendelea. Aliye karibu alikuwa Mangi mwenyewe. Mimi masikio yamezibwa, nasikia ngumi tu. Na mtu aliyeziba masikio hupiga kelele bila kujua.

Nikaanza. "Zuhura, leo nimepika pilau."

Kimya. Mpiganaji wake akasimama palepale.

"Nyama nimechagua mwenyewe, nimeibonyeza kwa kidole mpaka mwenye bucha akakasirika. Tutakulia barazani, mama mwenye nyumba atakuwepo, watu wasiseme."

Bado hanipigi. Nikasema moyoni, huyu maneno yamemwingia. (Mimi huyu huyu niliyewaambia nakijua kimya cha mtu aliyeacha kupiga.)

Halafu goti likagongwa.

Nikashangaa. Nguvu zangu zilikuwa zimejaa, sijaguswa hata kidogo. Sasa goti linagongwa la nini? Nikatafuta jibu, nikalipata mwenyewe, mpumbavu mimi. Nikatabasamu. Goti likagongwa tena, mara mbili, kwa nguvu zaidi. Nikaona mtoto wa watu ana haraka kuliko mimi.

Ndipo nikayamwaga yote. "Zuhura, chumba changu hakijaingia mgeni tangu nipunguzwe kazi. Sahani ya pili naiosha kwa sababu ya vumbi tu. Wewe ndiye mtu pekee Dar nzima anayenipiga bila kuniogopa. Nikisikia cherehani yako imenyamaza najua unakuja, na moyo unaanza kwenda mbio. Nataka nikuoe."

Na mimi, jamani, nikaweka mkono juu ya ule mkono uliokuwa kwenye goti langu. Ulikuwa mkubwa. Ulikuwa na saa. Ulikuwa na manyoya.

Hedifoni ikavuliwa kichwani kwangu taratibu.

"Shomari bwana," Mangi akasema, "mimi nina mke na watoto watatu. Nilikuwa nakugonga unyamaze. Ila pilau nitakuja."

Banda lilipasuka kwa kicheko. Mtu alianguka kwenye benchi, nilisikia mbao. Mimi mwenyewe nilianza kucheka, ndiyo heshima pekee iliyobaki. Halafu kicheko kikakatika ghafla, nikajua kuna mtu mlangoni.

"Kaka Shomari."

Kaka. Jana nilikuwa "we Shomari."

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia nikiwa kule kwenye cherehani. Na mteja wangu amesikia." Akakaa kulia kwangu, safari hii ni yeye, nilisikia harufu ya mafuta ya cherehani. Akasema polepole, "Nina mchumba, yuko Tanga. Nilidhani nimeshakwambia." Akachukua pedi. "Haya, tucheze."

Nilidhani yameisha hapo. Nikavaa hedifoni, nikasubiri kipigo changu, na leo nilikitaka kuliko pilau. Hakikuja. Nilirusha ngumi, ikampata. Teke, likampata. Alikuwa anasogea nyuma tu, nyuma tu, mpaka gemu likatangaza nimeshinda. Tukarudia. Nikashinda tena.

Nikavua hedifoni. "Zuhura, mbona hunipigi?"

"Nimechoka tu leo, kaka."

Lile la Mangi niliweza kulicheka. Hilo la pili lilinishinda. Nimempoteza mke ambaye sikuwahi kuwa naye, sawa, wanaume wengi hupata hilo. Lakini nilikuwa na mtu mmoja wa kunipiga, jamani, na huyo naye ameanza kunionea huruma. Nikamwambia Jumamosi ijayo anipige kama zamani. Akasema, "Inshallah," kwa ile sauti tunayoijua sote.

Ndiyo maana nipo hapa intaneti kafe na sipo nyumbani. Hedifoni nimevaa sikio moja tu, nimejifunza. Mangi ameniambia jioni hii hawezi kuliacha banda, pilau haji tena, alikuwa anatania. Mama mwenye nyumba amekwenda msibani Ilala. Sufuria lipo juu ya jiko, limefunikwa.

Msinicheke. Na mkishindwa kujizuia, basi mje mnichekee nikiwa nawasikia. Sahani ya pili nimeshaiosha.