Mmea wa Mama Mkwe Kabatini

Jumatatu, 12 Mei

Furaha iliyoje! Mama mkwe mtarajiwa kaniletea mmea wake wa ndani, majani mapana, kijani kibichi, kwenye chungu chenye udongo hai. Nyungunyungu wamo, ukungu umo, vijidudu visivyoonekana vimo, vyote vinaupikia mmea chakula. Kasema nisiongeze kitu, maji kidogo tu. Jumamosi anaufuata. Akiukuta mzima, posa yangu inajibiwa siku hiyohiyo!

Mchumba wangu kapiga simu: nisithubutu kufanya ujanja. Ujanja? Mimi? Nimeuficha tu kabatini, juu ya viatu, jirani yangu mfamasia asije akautia jicho. Bwana huyo alikuwa akimmezea mate mchumba wangu.

Jumatano, 14 Mei

Majani yamepauka! Nimemwuliza mfamasia, nikijifanya ni mmea wa rafiki. Kasema yakianza kuwa manjano ya chini, mmea una njaa. Yakianza ya juu, mishipa ikibaki kijani, umekosa chuma. Yakipauka yote, basi kwanza aambiwe umewekwa wapi. Mbea mkubwa! Anataka kujua ulipo aje auhujumu. Nikamwambia abaki na dawa zake za kikohozi.

Nimetibu yote mawili. Njaa: nimeumwagia mchuzi wa maharage. Chuma: nimezika misumari na kijiko cha wageni. Kumbe mimi daktari wa mimea, nilikuwa sijijui!

Alhamisi, 15 Mei

Kabati linanuka. Nyungunyungu wamegoma, wamehama chungu. Mmoja nimemkuta ndani ya kiatu, baada ya kukivaa. Nikawarudisha wote na kuwaomba radhi. Jioni wamehama tena. Majani sasa rangi ya karatasi. Dawa zimeniishia. Akili bado!

Ijumaa, 16 Mei

Rangi! Ilibaki rangi ya kijani ya geti. Nimepaka jani mojamoja kwa mswaki wa zamani. Mmea umependeza kuliko siku ulipokuja. Nikacheza peke yangu sebuleni mpaka mfamasia akagonga ukuta. Wivu huo.

Jumamosi, 17 Mei

Mama mkwe kafika na mchumba wangu. Kaushika mmea. Mkono ukawa kijani. Akajishika shavu kwa mshangao, shavu nalo likawa kijani. Mchumba wangu akafunika uso. Mama akachimbua kijiko, akakinusa, akauliza mmea ulikuwa unakaa wapi. Nikasema kabatini. Mlango wazi? La, nilifunga, tena kwa ufunguo.

Nikajua nimekwisha. Moyo uliniuma, jamani, maana yule binti nampenda.

Ghafla mama akaangua kicheko mpaka akakaa sakafuni. Kasema mmea haukuwa na ugonjwa wowote, ulinyimwa mwanga tu. Kasema hajawahi kuona mtu akihangaikia jani namna hii, basi posa haikataliwi, inasogezwa mwezi mmoja. Kaniachia mche mwingine, mdogo: ukae dirishani mchana kutwa, na mikono yangu ikae mbali nao.

Dirishani! Rahisi hivyo! Nimeuweka papo hapo. Mwanga tele. Nimerukaruka kwa furaha.

Ila dirisha linatazama ujia anaopita mfamasia, na jamaa kashapita mara mbili akichungulia. Nimeufunika blanketi zito. Sasa aone kitu!