Mama Mkwe, Mkurugenzi Mtendaji

Jumatatu, 3 Machi

Wageni wawili kazini. Meneja amewatambulisha kwa sentensi moja: hawa ni wachunguzi, wapewe wanachotaka. Hakusema wanachunguza nini. Mmoja ni mzee mwenye kikokotoo cha vitufe vikubwa. Mzee wa Hesabu. Mwingine ni dada wa miaka kama thelathini, viatu vya raba, begi limejaa nyaya. Dada wa Kompyuta.

Saa nne Dada akaja mezani kwangu na kiboksi kidogo kama kipande cha sabuni. Akaomba akichomeke kwenye kompyuta yangu. Nikamuuliza cha nini. Akasema ananakili tu, kaka, hakiumi. Kilikaa saa nzima. Nikamletea chai. Kunakili si kusoma.

 Niandike hapa, maana daftari halichomekwi waya.

Mimi ni Afisa Ununuzi Mwandamizi wa kampuni ya kusafirisha mizigo. Kwa miaka miwili, kila mwezi, ghala letu limepulizwa dawa ya panya na mende na kampuni moja ndogo. Kampuni hiyo haina pampu, haina dawa, haina hata ndoo. Ina ankara. Ankara naziandika mimi, naziidhinisha mimi. Magazeti yangeiita kampuni hewa. Mimi naiita kampuni changa.

Mkurugenzi mtendaji ni mama mkwe. Hajui. Nilichukua kitambulisho chake na picha mbili nikamwambia ni za bima ya mazishi. Alifurahi sana. Aliwatangazia majirani. Mke wangu naye hajui kitu. Siku akijua, nyumba yetu nitaiona kwa nje.

Azimio: kisichokuwemo kwenye kompyuta hakina kesi.

Jumanne, 4 Machi

Nimewahi kazini kabla ya mfagizi. Nimefuta ankara zote ishirini na nne. Nikaenda kwenye pipa la kompyuta, nikalimwaga. Nikafuta na ile nembo niliyoichora mwenyewe, panya aliyekatwa mstari mwekundu. Iliniuma kidogo. Ilikuwa kazi nzuri.

Dakika kumi na tano. Safi! Watu wanalipa wanasheria kwa mambo haya.

Kobe alipita akiwa na leja yake. Kobe ndiye mtunza stoo. Anatembea kama anavuka barabara iliyomwagwa mafuta, na kila kitu anakiandika. Sote wawili tunakitaka cheo cha Meneja wa Ugavi kitakachokuwa wazi Juni. Akaniuliza, mzee wa ununuzi, mbona jasho asubuhi yote hii, au umepanda ngazi kwa mikono. Nikamwambia kila mtu na kazi yake. Akasema ndiyo, na ya kwako leo ina jasho.

Nikapata wazo la pili. Kama wachunguzi wanatafuta mtu, wapewe mtu. Nikachapa kikaratasi: "Tazameni stoo. Ni mimi, mtu mwema." Nikakitumbukiza chini ya mlango wao wakati wa chakula. Sikutia jina. Sikuandika kwa mkono. Kichwa kinafanya kazi.

Nimelala vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Ajabu. Kwenye ofisi yenye makabati kumi na mawili ya mafaili, Mzee wa Hesabu ameomba faili moja. La upulizaji dawa!

Nilimpelekea nakala za karatasi. Akazipanga mezani kama karata. Akasema mwanangu, nisaidie mzee. Ankara ya kwanza ni namba moja. Ya mwezi uliofuata ni namba mbili. Ya juzi ni namba ishirini na nne. Je, hawa watu kwa miaka miwili hawakupata mteja mwingine yeyote, hata jirani?

Nikamjibu kwamba ni waaminifu kwetu.

Akaandika. Akauliza gari lao ni la aina gani, maana daftari la getini halina gari lao hata siku moja. Nikasema huja kwa miguu. Akauliza na mapipa ya dawa je. Nikasema ni vijana wenye nguvu. Dada wa Kompyuta aliinama ghafla kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Kisha wakaomba mkataba. Mkataba haupo. Sikuwahi kufikiri kampuni changa inahitaji mkataba na mtu anayeifahamu vizuri namna ile.

Nikasema upo, nyumbani, nitauleta kesho.

Jioni nilibaki ofisini hadi saa kumi na moja na nusu. Nikairudisha saa ya kompyuta miaka miwili nyuma. Hii sikufundishwa na mtu! Nikaandika mkataba wa kurasa tatu, tarehe ya zamani, lugha nzito ya kisheria, "pande zote mbili" mara kumi na tisa. Nikauchapa, nikaisogeza saa mbele tena. Nyumbani nikauzeesha kwa kuukalia wakati wa chakula cha usiku. Mke wangu aliuliza mbona naketi upande. Nikasema mgongo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeukabidhi mkataba. Mzee akausoma taratibu, neno kwa neno. Akasifu lugha. Nikashukuru. Dada akaniuliza, kwa upole kabisa, nilipandishwa cheo lini kuwa Mwandamizi. Nikamwambia Juni mwaka jana, nikaongeza kwamba tulishindana wanne na mmoja wao alikuwa Kobe. Akanipongeza. Nikatoka kifua mbele.

Nilifika ngazi ya tatu ndipo nikakumbuka nilivyosaini. "Afisa Ununuzi Mwandamizi." Mkataba una umri wa miaka miwili. Uandamizi wangu haujatimiza hata mmoja.

Nikaketi kwenye ngazi. Kobe akanipita akipanda. Akasema pole bosi, hata mimi goti hunisumbua.

Mchana wakaniita tena. Wanataka kuonana na mkurugenzi wa kampuni ya dawa. Hili nilikuwa nimelisubiri. Nikasema kwa masikitiko kwamba mama huyo yuko safarini, ng'ambo, huenda akakaa mwaka. Mzee akatikisa kichwa. Akasema basi ana simu nzuri, kwa sababu wamempigia saa tatu kwa namba iliyo kwenye fomu za usajili, akapokea mara ya kwanza, na jogoo akawika nyuma yake. Amesema atakuja kesho saa nne. Ameuliza kama kuna maegesho ya pikipiki.

Niliweka namba yake ya kweli! Fomu iliniambia nijaze namba sahihi, nikajaza namba sahihi. Huo ndio ubaya wa kufuata maelekezo.

Nikampigia mara saba. Mara ya nane akapokea. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikamwomba asije, nikasema kuna ugonjwa ofisini, unaambukiza. Akasema yeye alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja, hakuna ugonjwa asiowahi kukoholewa usoni. Halafu akaniuliza, mkwe wangu, hivi mimi ni mkurugenzi wa nini?

Nikasema mtandao unakatika. Nikakata.

Ijumaa, 7 Machi

Alifika saa nne kasorobo. Gauni la kutokea, mkoba mweusi, kofia ya pikipiki mkononi. Alipoingia chumbani Mzee wa Hesabu akasimama. Meneja akasimama. Kobe akasimama, na wala hakuwa amealikwa, alileta leja tu. Ana sauti ile ya walimu. Ukiisikia unatafuta kalamu.

Kabla hajaketi akasema kwamba kama ni kweli amekuwa mkurugenzi kwa miaka miwili, angependa kujua mshahara wake huwa unaenda wapi.  Watu watano wakanitazama mimi.

Mzee akamwonyesha sahihi zilizo kwenye ankara. Aliziweka zote ishirini na nne mbele yake. Mama akavaa miwani. Akasema hii si sahihi yake, hii ni ya mtu mwenye haraka na anayeona haya. Akaomba karatasi. Akatia yake. Ilimchukua dakika nzima, na herufi zilisimama kama gwaride. Mzee akaziweka ubavu kwa ubavu. Hakuhitaji kikokotoo.

Mama akauliza kampuni yake inafanya kazi gani. Akaambiwa inapulizia panya. Akasema panya hapulizwi, hutegwa, na aliyeandika haya hajawahi kuishi na panya.

Ndipo akanigeukia. Hakunifokea. Akauliza kuhusu bima ya mazishi, kama ipo. Nikasema utaratibu bado unaendelea. Akasema: "Kwa hiyo nikifa leo?"

Nikaliandika swali kwenye kiganja, kana kwamba ningelijibu kwa barua. 

Walipomsindikiza kunywa chai, nikamuuliza Dada wa Kompyuta, kitaalamu tu, walijuaje kuomba faili la dawa ilhali nililifuta kwenye kompyuta. Akanieleza bila majivuno. Jumatatu walinakili kompyuta zote. Kwenye yangu kulikuwa na mafaili elfu arobaini, hawakujua pa kuanzia, na kusema kweli hawakuwa na nia ya kuanza na mimi. Jumanne jioni wakanakili tena, ndio utaratibu wao, wakalinganisha. Yalipungua ishirini na tano. Akasema kaka, ulituchagulia. Kazi ya mwezi mmoja uliifanya kwa robo saa. Kikaratasi cha mtu mwema nacho kimeandikwa kwenye kumbukumbu za printa, saa, dakika, na jina langu.

Nikauliza basi walikuja kutafuta nini. Akasema dizeli. Dizeli ya malori ilikuwa inapotea.

Na mwizi ni nani? Hakuna. Tangi lina ufa kwa chini. Kobe aliripoti kwa maandishi mara tatu. Iko kwenye leja.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe yuko kwetu. Analala chumbani na mke wangu. Mimi niko sebuleni, kwenye kochi fupi kuliko mimi.

Asubuhi mke wangu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alimenya viazi na kusema, huku anamenya, kwamba mimi kumdanganya yeye amezoea, ni kama hali ya hewa. Lakini mama yake? Mama aliyeuza cherehani yake ili sisi tupate kodi ya mwanzo? Kama polisi wakifika, watabisha mlango wa nani kwanza? Jina kwenye fomu ni la nani? Mama ana miaka sabini na mbili na hajawahi kuchelewa hata kwenye mstari wa asubuhi, leo aende kusimama kizimbani kwa ajili ya mende ambao hawakupulizwa?

Nikasema suala lina pande zote mbili.

Kiazi kilipita karibu na sikio langu. Kilikuwa kimeshamenywa, nashukuru.

Jioni mama mkwe akanipa blanketi. Akasema kochi lina baridi.  Sikupenda. Mtu akikutendea wema namna hiyo unakosa hata pa kujitetea.

Jumatatu, 10 Machi

Habari njema. Zipo!

Saa mbili niliitwa na meneja, Mzee wa Hesabu na Dada wakiwepo. Kazi nimeachishwa, hilo lilitarajiwa. Cheo cha Juni anapewa Kobe, hilo linauma. Lakini bodi haitaki kelele magazetini. Wamenipa nafasi moja. Niandike maelezo kwa mkono wangu, kila kitu tangu ankara ya kwanza, bila uongo hata mmoja, niyalete kabla ya saa kumi. Nikifanya hivyo, watakata fedha zao kwenye kiinua mgongo changu, hawatakwenda polisi, na mwanasheria wao ataliondoa jina la mama mkwe kwenye usajili kwa barua inayosema hakujua lolote. Kukiwa na uongo mmoja, jalada lote linakwenda polisi kama lilivyo, na jina la kwanza juu yake ni la mkurugenzi mtendaji.

Mzee akanisogezea kalamu. Akasema mwanangu, umejaliwa kalamu. Itumie vizuri mara moja tu.

Mke wangu alinipigia. Akasema andika ukweli, baba, kwa mara hii tu, nami nitajaribu kusahau yaliyobaki. Nikaahidi. Nilimaanisha.

Nimekaa kwenye chumba cha mikutano tangu saa tatu. Nimeandika kurasa sita. Nathibitisha mbele ya daftari hili kwamba kila neno ni kweli. Fomu, picha, bima, pampu isiyokuwepo, saa ya kompyuta, hata karatasi niliyoikalia. Sikujipendelea popote. Niliposoma sehemu ya mama mkwe nilisimama kidogo nikaenda dirishani.

Saa tisa na robo nikafika mwisho, penye sahihi na tarehe. Hapo nikafikiri. Mtu anayekiri baada ya kukamatwa ni mwizi. Anayekiri kabla ya kukamatwa ni mwungwana, amesumbuliwa na dhamiri mwenyewe. Bodi ikiona nilikiri mapema, huenda hata kiinua mgongo wakaniachia. Maneno ni yaleyale. Ukweli ni uleule. Kinachobadilika ni siku tu.

Nimeandika Jumapili, tarehe 2 Machi. Siku moja kabla hawajafika.

Na safari hii sikugusa kompyuta hata kwa kidole. Kalamu na karatasi. Karatasi ninazo za kutosha, amenipa Dada mwenyewe asubuhi, nyeupe, nzito, zina nembo ya ofisi yao juu. Chini ya kila ukurasa palikuwa na namba na kimuhuri kidogo cha tarehe ya leo.

Nimevikata kwa mkasi, nembo ya juu nimeiacha, inaleta heshima. Nimekata vizuri sana, kwa rula. Haionekani kabisa.