Sentimita Tisini Kutoka kwa Vince

Jumamosi, 8 Novemba
Mke wangu Glenys katoa amri. Gari la marehemu baba lipate paa kabla ya mvua za mawe, la sivyo liuzwe Krismasi. Kuliuza! Gari lililonitoa hospitali nikiwa kichanga! Baba alilipaka rangi mwenyewe mara mbili, ya pili akiwa na mkongojo. Nikamwambia Glenys asiwe na shaka, mumewe ni fundi. Akauliza kuhusu banda la kuku nililojenga. Nikasema wale kuku walikuwa na matatizo yao.

Gereji ya kulihifadhi itakaa upande wa jirani, Vince Scarfone. Nimepima kutoka kwenye uzio hadi ukuta wa nyumba yangu: mita nne kamili. Gereji mita tatu, inabaki moja. Halmashauri inataka sentimita tisini kutoka mpakani. Nina kumi za kuringia!

Jumatatu, 10 Novemba
Halmashauri. Dada wa kaunta anaitwa Tamsin, mpole kama muuguzi. Kasema mpaka ni bikoni, ile alama iliyozikwa ardhini, si uzio, nilete ramani ya mpima ardhi. Nikamjulisha kwamba nimekaa pale miaka thelathini na moja na sijawahi kuona uzio ukitembea. Basi kuna njia fupi, akasema: jirani aandike barua kwamba hana pingamizi, nao watalegeza sharti.

Nimpigie magoti Vince! Mtu anayenirudishia pipa la taka kila Jumanne kabla sijaamka, ili mtaa mzima ujue mimi ni mvivu! Anayekata majani yake kando ya barabara kisha anaendelea na yangu! Na ananiita kijana. Nina miaka sitini na mbili. Bora nile zege.

Jumanne, 11 Novemba
Pipa limerudishwa. Limeoshwa! Huyu mzee ananitafuta.

Lakini nimepata wazo. Namwaga zege kwanza, kibali baadaye. Likishakauka, nani atalibeba? Nimewaita jamaa wanne wa klabu waje Jumamosi. Ujira ni bia na soseji, kama kawaida yetu. Glenys kauliza kibali kiko wapi. Nikasema kiko njiani. Sikutaja njia gani.

Jumamosi, 15 Novemba
Jamaa walianza na bia. Kosa langu, niliiweka karibu na koleo. Lori la zege likafika saa tano, soseji zikiwa bado mbichi na watu wameshaiva. Tukavuta zege kila mtu upande wake. Katikati pakawa na kilima.

Ghafla Vince kaingia getini na mabuti ya mpira na ubao wa kusawazishia. Alifanya kazi ya zege miaka arobaini, hachoki kuisema. Nikamwambia ahsante, tumelimudu. Akaniuliza, kwa ule upole wake unaoudhi, kijana, ni gereji hii au bwawa la bata? Jamaa walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye zege. Alama ya makalio yake ipo mpaka sasa, kwenye kona. Vince alilinyoosha lote peke yake, akaondoka bila kugusa hata chupa moja. Makusudi, ili nionekane mchoyo.

Jumatano, 19 Novemba
Leo nilitaka kumkomesha. Nimemleta mpima ardhi, maana nina hakika uzio umeingia kwangu. Nikamwita Vince aje ashuhudie.

Mpima ardhi kachimba, kachimba, akaipata bikoni ya chuma. Upande wangu! Uzio umeingia nusu mita kwa Vince! Zamani mpakani palikuwa na mkalitusi mkubwa, na wenye nyumba wa kwanza waliuzungusha uzio badala ya kuhangaika na mti. Mti ulikatwa, uzio ukabaki. Kwa hiyo zege langu liko sentimita hamsini kutoka mpakani, si mia. Na nyanya zangu, zile ninazompelekea Glenys kwa majigambo, miaka yote zinaota kwa Vince.

Nilitaka ardhi inimeze, sema hata ardhi yenyewe si yangu. Vince kasema, Nev, usijisumbue, nilijua tangu nilipohamia. Watu wagombane kwa ajili ya nusu mita ya nyanya? Yeye ataandika ile barua ya halmashauri leo hii, nivuke tu tunywe kahawa.

Nikasema nitafikiria. Miaka yote ananificha! Mnafiki mkubwa!

Ijumaa, 21 Novemba
Nilirudi kwa Tamsin na barua yangu ya kurasa kumi na moja, nikidai nusu mita ni yangu kwa kuizoea. Nilikuwa namsomea ukurasa wa sita nilipoona mbingu dirishani. Kijani. Kisha mvua ya mawe, makubwa kama mayai. Nikalikumbuka gari la baba, liko wazi kwenye majani, na rangi aliyoipaka mikono ikimtetemeka. Nililia. Naandika ukweli, nililia pale kaunta. Tamsin akanipa karatasi ya kujifutia, akasema ukurasa wa saba usubiri.

Nikafika nyumbani mbio. Gari halipo! Glenys yuko mlangoni, kalowa chapachapa. Kasema lilikataa kuwaka, basi yeye na Vince wakalisukuma mpaka gereji ya Vince. Gari halina hata mkwaruzo. Vince ana nundu kwenye paji la uso, kwa sababu kofia yake alimfunika nayo Glenys.

Nilimkumbatia yule mzee. Sikujua kama ningeweza. Akasema gereji ni tupu tangu macho yake yalipomkatalia kuendesha, gari likae hata miaka kumi. Glenys akasema basi, kama lina paa, haliuzwi. Baba angefurahi. Mimi nimefurahi mno.

Jumamosi, 22 Novemba
Nimevuka asubuhi kulitazama gari. Limetulia, linang'aa, Vince kalifunika shuka. Futikamba nilikuwa nayo mfukoni, mazoea tu.

Sheria inasema gereji irudi nyuma ya uso wa nyumba mita moja. Ya Vince imerudi sentimita themanini na nane. Nimepima mara tatu! Kumbe ndiyo maana mkarimu vile! Anafunga watu mdomo kwa kahawa!

Nimejaza fomu ya malalamiko ya halmashauri, bila kuandika jina, nikaomba jengo libomolewe haraka iwezekanavyo. Imeshakwenda. Mwishoni fomu iliuliza ndani ya jengo kumewekwa nini. Nikajibu kwa uaminifu, maana serikali haidanganywi: gari la marehemu baba yangu.